Ubao Uliokwenda Kutambuliwa

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani yake hubadilishwa mara kwa mara na mtapotea bure. Jina lake silitaji. Si kwa woga. Mimi ni mtumishi mwaminifu wa serikali ile, na jina la nchi hutamkwa na wenye kibali cha kulitamka tu. Kibali changu kimeisha muda na ombi langu jipya lipo kwenye mchakato.

Kazi yangu ni Mkaguzi wa Baraza, Mkoa wa Mvuleni. Msicheke. Ni cheo chenye kofia.

Zamani kila nyumba ya nchi yetu ilikuwa na baraza ya udongo mbele ya mlango. Watu waliikandika kwa mikono yao, wakailainisha kwa maji na majivu, na jioni wakakaa juu yake kupiga soga. Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa umaskini, mpaka Waziri wa Makazi na Mikao alipofanya ziara Mvuleni akiwa amevaa suti nyeupe. Alikaribishwa kwenye baraza ya mwenyekiti wa kijiji, akakaa, akahutubia kwa kirefu kuhusu maendeleo. Aliposimama na kugeuka ili awapungie mkono wananchi wa upande wa pili, sisi wa upande wa kwanza tukaona jinsi udongo mwekundu ulivyomchora nyuma. Hakuna aliyecheka. Hilo naliapia, maana nilikuwepo. Kilitokea kikohozi tu, kikohozi cha kijiji kizima.

Mheshimiwa alirudi mji mkuu, yaani Kitovu, na muda si mrefu ikatoka Sheria ya Baraza Bora. Akaitangaza redioni mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "udongo ni adui wa heshima. Kuanzia sasa kila nyumba itakuwa na baraza ya mbao zilizotambuliwa na serikali. Nyumba isiyo na baraza ya mbao haina uso, na nyumba isiyo na uso haigongwi hodi. Na kwa kuwa sisi ni taifa la haki, mtu asiyeweza kupokea wageni hataruhusiwa naye kuwa mgeni wa mtu."

Baraza za udongo zilivunjwa zote. Nilivunja nyingi kwa mkono wangu, kwa nidhamu, huku nikiwapa pole wenyewe.

*

Sasa niwaeleze habari ya bei, maana hapo ndipo wageni wa nchi yetu huchanganyikiwa.

Mvuleni ni mkoa wa mivule. Ukirusha jiwe bila kuangalia, linagonga mti. Kitovu hakuna mti hata mmoja, isipokuwa ule uliochorwa kwenye ukuta wa wizara. Mtu wa kawaida, asiye na elimu ya utawala, atadhani kuwa ubao utakuwa rahisi Mvuleni na ghali Kitovu. Ni kinyume chake. Kitovu ubao ulikuwa bei ya kuku. Mvuleni ubao huo huo ulikuwa bei ya mbuzi, na si mbuzi yeyote, mbuzi wa kukamuliwa.

Sababu ni nyepesi. Mvule ukikatwa na kupasuliwa Mvuleni, bado si ubao. Kisheria huitwa mti uliolala. Ili uwe ubao ni lazima upelekwe Kitovu, kwenye Idara ya Utambuzi, ambako afisa huutazama, hugonga mara moja kwa kidole na kutamka, "Huu ni ubao." Hapo hupigwa mhuri na kuuzwa. Ukitaka kurudi Mvuleni, unakuwa bidhaa kutoka nje ya mkoa. Unalipiwa usafiri wa kwenda na wa kurudi, ushuru wa kutoka na wa kuingia, na tozo ndogo ya kumbukumbu, kwa sababu unarudi kwenu na furaha hiyo lazima ichangie pato la taifa. Misumari nayo hutengenezwa mkoa wa Chumani, na watu wa Chumani, nasikia, hufunga milango yao kwa kamba.

Nilipoelezwa hayo kwenye mafunzo ya kazi niliridhika. Mimi ni mwepesi wa kuridhika, ndiyo maana niliajiriwa.

Watu wa Mvuleni hawakuwa wepesi hivyo. Mwenyekiti wa kijiji alihamia Kitovu kwanza, akajenga baraza kwa bei ya kuku, akaanza kupokea wageni. Waliomfuata kuhamia huko wakaona raha, wakabaki. Mtaa mmoja baada ya mwingine ukafunga virago. Sauti ya misumeno ilinyamaza, ukaja ukimya ambao sikuwahi kuusikia, ukimya wa mahali ambapo hapasemwi hodi.

Mwishowe tulibaki watatu. Alibaki Fundi Kilua, seremala mwenye mkokoteni wa ng'ombe, ambaye hakuhama kwa sababu ng'ombe wake hawapendi mji. Nilibaki mimi, kwenye nyumba ya serikali. Nyumba za serikali zimesamehewa baraza, kwa hoja kwamba serikali haina wageni. Kwa hiyo mlangoni kwangu hajawahi kubisha mtu. Wakati mwingine jioni nilikuwa natoka nje, naufunga mlango, naugonga mwenyewe na kuusikiliza. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kazi tu, ili sikio lisisahau.

Na alibaki Bi Mwasiti.

*

Bi Mwasiti alikuwa mjane wa Mzee Lukindo. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa njia, na mbele ya mlango paliachwa alama nyekundu mahali ambapo mimi na sululu yangu tulivunja baraza yake ya udongo. Uani kwake ulisimama mvule mmoja mkubwa. Marehemu mumewe, alipokuwa kijana, aliupigilia msumari mnene wa kutundikia birika la kutawadhia. Miaka ilipita, mti ukanenepa, ukaumeza msumari ule mpaka ikabaki ncha tu, na gome lililouzunguka likawa jeusi tii.

Kila mwezi nilikwenda kumkagua. Kwa kuwa nyumba yake haikuwa na uso, sikuruhusiwa kuvuka uzio. Nilisimama nje, yeye akakaa kizingitini, tukapigiana kelele.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Paza sauti, bwana mkaguzi, upepo unakula maneno."

"Nimekuja kukagua baraza!"

"Baraza ipi?"

"Ile isiyokuwepo!"

"Basi iangalie vizuri. Haijambo, iko vile vile ulivyoiacha."

"Naandika haipo!"

"Andika, mwanangu. Na kwako hawajambo?"

"Kwangu niko peke yangu!"

"Basi wewe hujambo?"

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza swali hilo, kwa hiyo nilikuwa nachukua muda kulijibu. Kisha Bi Mwasiti alikuwa akisema, kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla, "Kuna kikombe cha chai nimekisahau hapo juu ya nguzo ya uzio. Ikipoa ni hasara." Nami nilikuwa nakinywa. Sheria inakataza kupokea chochote kwenye nyumba isiyo na uso, lakini haisemi neno juu ya chai iliyosahauliwa. Nimeisoma yote.

*

Mwezi mmoja nilimkuta amesimama uzioni ananisubiri, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Tunu kajifungua," alisema kabla sijamwamkia. Tunu ni bintiye wa pekee, kaolewa Kitovu na karani wa wizara. "Wa kiume. Wamempa jina la babu yake, Lukindo."

Nilimpa hongera. Lakini uso wake haukuwa wa hongera tu.

Yafaa nieleze mila moja ya Mvuleni. Mtoto akikaribia umri wa kukaa hupelekwa kwa mama mzaa mama. Bibi humweka kwenye baraza yake bila mto wala tegemeo, naye hukaa nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa. Mtoto akikaa mwenyewe, watu wote waliopo hutaja jina lake kwa pamoja. Hapo ndipo anakuwa mtu wa ukoo. Jambo hili hufanyika mara moja, kwenye baraza ya bibi na si pengine, kwa sababu mtoto hajifunzi kukaa mara mbili.

"Sina pa kumkalisha," alisema Bi Mwasiti. "Na mkwe wangu ni mtu wa wizara. Akionekana ameingia nyumba isiyo na baraza, kazi hana. Mimi kwenda kwao hairuhusiwi. Niambie wewe mwenye kofia, nifanyeje?"

"Ujenge baraza, mama."

"Mtoto ataanza kukaa lini?"

"Sijui, mama. Sina mtoto."

"Basi wacha nikwambie. Upesi."

Akageuka kuutazama mvule wa uani. Nilielewa alichokuwa akifikiria, na kwa mara ya kwanza nikaona akisitasita. Aliuendea, akaishika ile ncha ya msumari kwa vidole viwili, akaiachia.

"Lukindo angesema ukatwe," alisema. "Tena angenishangaa kwa nini nauliza."

Fundi Kilua aliukata, akautoa matawi, tukaupakia kwenye lori la serikali ukatambuliwe. Kwenye fomu nikaandika kwa herufi kubwa: MALI YA BI MWASITI, URUDISHWE KWA BI MWASITI. Niliona fahari kidogo.

Majibu yalikuja yakiwa yameandikwa kwa adabu sana. Mti wa mwombaji ulikuwa umepasuliwa na kutambuliwa bila kipingamizi, isipokuwa msumeno wa serikali uling'oka meno mahali fulani na mwombaji alikumbushwa kutopanda miti yenye vyuma. Kwa kuwa mbao zilitambuliwa Kitovu, zilikuwa sasa mbao za Kitovu, na ziliuzwa kwa wananchi wa Kitovu. Mwombaji anashukuriwa kwa mchango wake. Anayo haki kamili ya kununua mbao nyingine, kwa bei ya Mvuleni.

Nilimsomea nikiwa nje ya uzio. Nilisoma kwa sauti ya chini, lakini siku hiyo hapakuwa na upepo.

Bi Mwasiti aliuza mbuzi wake wote. Hakulalamika. Alibaki na kamba zao zimening'inia ukutani, akaagiza mbao.

*

Wakati mbao zikisubiriwa, niliitwa Kitovu kwenye Semina ya Kulinganisha Bei za Vifaa vya Baraza Baina ya Mikoa. Nilinyoosha kofia yangu kwa pasi.

Waziri mwenyewe ndiye aliyefungua, suti yake ikiwa safi pande zote.

"Ndugu washiriki," alianza, "yamekuwepo maneno maneno kwamba ubao ni ghali Mvuleni kuliko Kitovu. Serikali yenu ni sikivu. Imesikia, na imeunda kamati. Kamati imezunguka nchi nzima ikiwa imekaa hapa hapa, na imegundua chanzo cha tatizo. Chanzo ni umbali!"

Tukapiga makofi.

"Na umbali ni nini, ndugu zangu? Umbali ni mstari kwenye ramani. Ramani anachora nani? Si sisi?"

Pazia likavutwa, ikaonekana ramani mpya. Mkoa wa Mvuleni ulikuwa umesogezwa mpaka ukakaribia kugusa Kitovu. Katikati, palipokuwa na mapori na mito na milima, palibaki upana wa kidole.

"Kuanzia leo," alisema Mheshimiwa, "Mvuleni ni jirani!"

Mshiriki mmoja kutoka Chumani alinyanyua mkono akauliza kama bei itashuka. Alijibiwa kuwa bei itaarifiwa kwa maandishi.

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nilikuwa nikimfikiria Bi Mwasiti, nikajisemea atafurahi kusikia kwamba yuko karibu.

Baada ya semina nilikwenda kwa Tunu. Nilikwenda kama mkaguzi, kwa kuwa kama mgeni sikuruhusiwa, na nilitaka tu kumwambia kuwa mbao za mama yake zimeshatambuliwa na zitaondoka na lori la kesho, hivyo avumilie kidogo. Nyumba yao ilikuwa ndogo lakini yenye uso. Baraza ilikuwa mpya, na mbao zake zilikuwa bado na harufu yake.

Tunu alikuwa anaanika nguo. Mtoto alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye khanga, juu ya baraza. Nilipokuwa nafungua mdomo nimsalimu mama yake, yule mtoto alijisukuma kwa mikono, akayumba, akazungusha matako na kukaa. Hakukalishwa na mtu. Alikaa, ameegemea kushoto kidogo, akanitazama mimi na kofia yangu kama aliyekuwa akinisubiri nimwamkie.

Tunu aligeuka. Nguo ilimponyoka mkononi.

"Hapana," alisema. "Hapana, baba, lala. Lala kwanza, bado!" Akamkimbilia, akamlaza. Mtoto akainuka, akakaa tena. Akamlaza, akakaa. Mara ya mwisho Tunu alijiinamia pale pale akalia, na mtoto akawa anampapasa kichwani.

Hakuna aliyetaja jina lake. Tulikuwa wawili tu, na mmoja analia. Nilidhani ningeweza kulitaja mimi, lakini mimi si wa ukoo.

Nilitazama chini kwa aibu, na hapo nikaliona. Kwenye ubao aliokalia mtoto palikuwa na doa jeusi tii, na katikati ya doa ncha ya chuma iliyokatwa na msumeno, imesuguliwa mpaka ikang'aa.

"Mbao hizi mlinunua wapi?" nilimuuliza Tunu.

"Hapo dukani," alisema akifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Bei ya kuku. Kwani zina kasoro?"

Nikamwambia hazina kasoro.

*

Basi la kurudi liliishia porini. Kondakta alitangaza, "Mvuleni, mwisho wa gari!" nikashuka pamoja na abiria wengine ambao hawakuwepo. Hapakuwa na mti wala nyumba. Kando ya njia lilikuwepo lori, dereva wake akishusha mbao na kuzipanga kwenye nyasi.

"Ndugu, hapa siyo Mvuleni," nilimwambia.

"Ramani inasema ndiyo," alijibu. "Mafuta nimepewa ya kufika hapa kulingana na ramani. Nikienda mbele naonekana nimeivuka Mvuleni, na huko mbele siku hizi hakuna kitu."

"Huko mbele kuna mama mmoja."

"Pole yake," alisema, na nadhani alimaanisha. Alinisaidia kutafuta mbao za Bi Mwasiti kati ya lundo lile, tukazifunika majani zisinyeshewe.

Niliyatembea yale mapori yote ambayo hayapo. Yalinichukua muda mrefu na yaliniumiza miguu sana. Nilipofika uzioni kwa Bi Mwasiti sikuwa na sauti ya kupaza. Aliona, akasogea mwenyewe mpaka kwenye uzio.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Mama, amekaa."



"Nani alimkalisha?"

"Hakukalishwa. Alikaa mwenyewe. Mama yake akamlaza, akakataa."

"Amekaa wima?"

"Ameegemea kushoto kidogo."

"Kama babu yake," alisema. "Lukindo alikuwa hakai sawa hata msikitini." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Walitaja jina lake?"

Ningeweza kumdanganya. Watumishi wa serikali tunafundishwa. "Hapakuwa na watu, mama," nilisema.

Nikamwambia na habari ya ubao. Doa jeusi, ncha ya chuma, duka, bei. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mjukuu wangu kaukalia mti wangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa bei ya kuku."

"Ndiyo."

Akacheka. Alicheka kwa kirefu, akashika nguzo ya uzio asianguke, na kicheko kikabadilika kikawa kitu kingine, nami sikujua nitazame wapi. Mkono wake ulikuwa juu ya nguzo, mahali ambapo husahau chai. Ungeweza kufikiwa. Sikuugusa, kwa kuwa mkono ule ulikuwa upande wa ndani wa uzio. Iliniuma, nami nasema wazi kwamba iliniuma, na mwenye kutaka kuniripoti aniripoti.

"Mbao zangu ziko wapi?" aliuliza alipotulia.

"Porini. Kwenye Mvuleni mpya."

"Mwambie Fundi Kilua akafunge ng'ombe. Mtoto amekwisha kaa, sawa. Lakini mimi nimechoka kukosa uso."

*

Fundi Kilua alizileta, akajenga. Aliijenga kwa mapenzi ya mtu ambaye hajashika randa kwa muda mrefu. Ilipokamilika ilikuwa baraza bora kuliko zote nilizowahi kukagua, na ilikuwa ya pekee mkoa mzima. Bi Mwasiti akampelekea Tunu habari kwamba waje sasa. Jibu likaja kwamba basi linaishia porini, kwamba mume hana likizo, kwamba mtoto sasa anatambaa na kushika kila kitu. Mwakani, Mungu akipenda.

Kanuni inasema hivi: baraza mpya ikikamilika, mkaguzi atapiga hodi ili kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Mwenye nyumba atajibu. Kisha mkaguzi atakaa kwa muda wa kutosha kuthibitisha uimara.

Nilivuka uzio. Nilisimama mbele ya ngazi.

"Hodi," nilisema.

Bi Mwasiti alikuwa ndani. Nikasikia kitu kinawekwa chini, kama sufuria.

"Hodi," nikarudia.

"Karibu," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Karibu, karibu. Pita. Karibu sana."

Nikakaa. Akaleta chai, mara hii mkononi, na mihogo ya kuchemsha. Kanuni haitaji muda wa kutosha ni upi, kwa hiyo tulithibitisha uimara ule mchana wote. Alinisimulia Mzee Lukindo alivyokuwa akiimba vibaya na kukataa kuambiwa. Nilimsimulia kuhusu kugonga mlango wangu mwenyewe. Hakucheka. Alisema naye huweka vikombe viwili kila asubuhi, kisha hurudisha kimoja.

Jioni ikabidi nitoe peni. Niliandika: IMEPITA.

"Kwa hiyo utakuja tena mwezi ujao?" aliuliza.

"Hapana, mama. Iliyopita haikaguliwi tena. Na kama mgeni siwezi kuja, nyumba yangu haina baraza."

"Yaani nilipokuwa sina baraza ulikuwa unakuja. Sasa ninayo, huji."

"Ndivyo sheria ilivyo, mama."

"Ni sheria nzuri sana," alisema Bi Mwasiti, akiuangalia ubao uliokuwa kati yetu.

Mwezi uliofuata nilikaa kwangu. Ulikuwa mwezi mrefu. Ulipokaribia kwisha, Fundi Kilua alipita na mkokoteni wake, akasimama mbali kama sheria inavyotaka, akaniita.

"Mkaguzi! Bi Mwasiti anaripoti uharibifu wa baraza!"

Sikumbuki kuvaa kofia. Nilipofika nilikuta ubao mmoja wa katikati haupo. Niliuona mara moja ulipo. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, na misumari yake, imenyooshwa vizuri mmoja mmoja, ilikuwa ndani ya kikombe.

"Mchwa," alisema Bi Mwasiti.

"Mchwa wa kung'oa misumari, mama?"

"Wa Mvuleni wana meno."

Nikatoa peni. Nikaandika kuwa baraza ina upungufu, na kwamba itakaguliwa kila mwezi mpaka upungufu uondolewe. Nikamweleza kwamba ubao uliong'olewa unarudi kuwa mti uliolala. Ni lazima uende Kitovu ukatambuliwe upya, kisha urudi.

"Na malori yanaishia porini."

"Yanaishia porini, mama."

"Basi utachelewa."

"Utachelewa sana."

"Ndiyo serikali," alisema, akaingia ndani kuleta chai.

Tuliupeleka ule ubao, mimi na Fundi Kilua, kwa kufuata taratibu zote. Tangu hapo kila mwezi nakwenda, napiga hodi, naambiwa karibu. Bi Mwasiti anakaa upande wake, nami upande wangu, na kati yetu pana pengo la kutosha mtoto mdogo kukaa. Hatuliongelei. Yeye huuliza kama Tunu ameleta habari, nami husema bado, kisha tunaongea mengine.

Nasikia watu wanailaumu serikali yetu kwa ucheleweshaji. Mimi siwaungi mkono. Ubao ule bado haujafika, na kila nikivuka uzio ule, kofia mkononi, namwomba Mungu usifike.